Ukurasa Usio na Astaghfirullah

Bado amesimama.

Wiki nzima, msomaji wangu, wewe umekula, umelala, umekwenda sokoni ukarudi, na Bi Khole bado amesimama katikati ya sebule ya kaka yake mjini Ibra, Omani, daftari mkononi, wanawake ishirini wakimtazama mdomo.

"Tusomee, ya Khole," Bi Ghanima alisema tena. "Tupate baraka."

Baraka! Laiti angalijua.

Kama ndiyo kwanza unaingia, ingia ukae, nitakueleza upesi kabla mtu hajasema neno jengine.

Bi Khole ni mjane wa miaka arubaini na saba, mzaliwa wa Unguja. Mwaka huo wa tisini na nane alikuwa akienda darasa la jioni kujifunza Kiingereza. Mwalimu aliwaambia wanafunzi wake wachukue kitabu chochote cha Kiingereza kilichoko nyumbani, watafsiri ukurasa mmoja kila siku. Bi Khole akafungua sanduku la marehemu mumewe, Bwana Tamim, akatoa kitabu cha zaidi ya miaka mia, jalada la ngozi, kingo za dhahabu. Hakikuwa na jina la mwandishi. Kilisema tu kimeandikwa na bibi mmoja.

Kwa hilo hasa alikipenda. Wanavyuoni wa zamani aliosomeshwa vitabu vyao walikuwa hivyo hivyo. Mtu akiandika kitabu kizima, mwisho akajiita mja fakiri, mhitaji wa rehema za Mola wake, akapita. Bi Khole akasema moyoni, huyu bibi wa Kizungu naye ni mcha Mungu aliyeogopa kujionesha.

Ukurasa wa kumi na mbili alijua kwa nini bibi yule alijificha.

Sitaandika hapa yaliyokuwemo. Inatosha kusema kwamba bibi yule wa London hakuwa na mume. Alikuwa na mlango, na mlango huo alimfungulia amtakaye, saa aitakayo, bila ya kumuomba mtu ruhusa. Kisha akakaa akaeleza furaha yake kama mtu anayeeleza upishi wa biriani, kiungo kwa kiungo.

Lakini aibu ya Bi Khole haikuwa ukurasa wa kumi na mbili. Ilikuwa ukurasa wa hamsini, kwa sababu alipofika hapo alikuwa bado anatafsiri.

Alitafsiri kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, kama mama yake alivyomfunza kuandika barua. Kila ukurasa aliuanza kwa Bismillahi, maana hakujua kuanza kuandika kwa namna nyengine. Na kila alipofika mahala pa kutia haya, alichukua kalamu nyekundu akaandika Astaghfirullah, kumuomba Mungu msamaha. Kuna kurasa zilikuwa nyekundu kuliko nyeusi. Kila siku baada ya isha alitubu kwa machozi ya kweli. Toba ikaishi mpaka saa kumi ya alasiri ya siku ya pili, akafungua tena kamusi.

Daftari hilo ndilo lililokutwa chini ya mto wa bi harusi wa nyumba hii. Na aliyelikuta ni Bi Ghanima, mama wa bwana harusi, aliyekuja asubuhi ile kutoka mji wa Sur, mtaa wa Aija, kutazama hina ya mkwewe. Yeye Kiarabu ndiyo lugha yake. Kiswahili anakisikia, kukisoma hajui. Alifunua akaona Bismillahi, akaona Astaghfirullah nyekundu kila mstari wa tatu. Akalibusu. Akaliweka kwenye paji la uso.

"Mashaallah," alisema. "Msichana analalia istighfari!" Akamtia Bi Khole daftari mkononi, maana aliambiwa ndiye ajuaye kusoma maandishi hayo.

Huyu ndiye yule yule aliyesema mlangoni, kabla hajavua viatu: "Watu wa Zinjibar wana uhuru mwingi. Nikiona aibu moja tu katika nyumba hii, tunarudi Sur. Milka hakuna."

Na milka, yaani kufungwa ndoa, ni kesho, Alhamisi, baada ya alasiri.

Sasa unajua kwa nini Bi Khole amesimama.

"Bi Khole, soma basi!" alisema Azza, jirani wao, ambaye aila yake ilitokea Bujumbura. "Au herufi zimekimbia?"

Wanawake wakacheka.

"Nipe mimi nisome," Azza akasema, na kabla Bi Khole hajawahi kurudi nyuma, alikuwa keshainamisha kichwa juu ya daftari.



Azza alikodoa macho. Akageuza kichwa huku, akakigeuza kule. "Lo! Hizi za Kiarabu. Sisi Bujumbura Kiswahili tuliandika kama Wazungu. Hapa nimefeli."

"Wewe umefeli siku nyingi," mtu akamwambia, na kicheko kikazuka tena. Kikaisha, macho yote yakarudi kwa Bi Khole.

"Sina udhu," alisema.

Ilikuwa kweli. Katika kichwa chake chote lilikuwa ndilo neno pekee la kweli aliloweza kulitoa.

Bi Ghanima aliinamisha kichwa kwa heshima. "Sahihi. Maneno kama haya hayashikwi bila ya udhu. Nenda, ya ukhti, tunakungoja." Akalichukua daftari kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto mchanga.

Bafuni, Bi Khole alifungua bomba la maji akaliacha limwagike. Akasikia mlango nyuma yake.

Alikuwa Ibtihal, bi harusi mwenyewe, binti wa kaka yake, msichana wa miaka ishirini na mbili anayesoma ualimu Nizwa. Mikono ameiinua juu, hina mbichi mpaka kwenye viwiko, hawezi kushika kitu. Ndiyo maana asubuhi hakuweza kulipokonya daftari.

"Shangazi, nisamehe."

"Wewe ndiye uliyelitoa sandukuni?"

"Mimi."

"Lini?"

"Wiki tatu zimepita. Nilikuona unalificha, nikataka kujua. Kila usiku nalichukua, alfajiri nalirudisha; leo hina ikanizuia."

"Umelisoma?"

"Siliwezi. Kiarabu nasoma, lakini Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kila neno mpaka nikisie. Kwa wiki tatu nimepata ukurasa mmoja tu."

"Ukurasa upi?"

Ibtihal akatazama sakafu. "Ule wa mlango uliofungwa."

 Kati ya kurasa zote! Mara mia bora msichana angalisoma ule wa kumi na mbili.

"Shangazi, nataka kukuuliza kitu."

"Usiniulize."

"Sina mwengine wa kumuuliza. Mama kanipa udi na dua. Dada zangu nikiwauliza wanacheka tu. Hebu niambie, kweli mke anaweza kusema vile? Akasema, leo sitaki?"

"Nyamaza!" Bi Khole alipiga kelele. "Huna haya? Mbele ya maji ya udhu!"

Ibtihal alirudi nyuma hatua moja, mikono juu, kama mtu aliyeelekezewa bunduki.

Na Bi Khole akajisikia. Neno lile, na sauti ile, aliwahi kuzisikia. Mwaka wa sitini na nane, yeye ana miaka kumi na saba, siku mbili kabla ya harusi yake, alimuuliza shangazi yake swali moja dogo. Akajibiwa: huna haya. Hakuuliza tena, si siku ile wala siku nyengine yoyote.

Alitaka kumwambia msichana, samahani. 

"Nenda ukakae," alisema badala yake. "Hina itaharibika."

Alitia udhu. Kisha akatia mara ya pili, kama vile wa kwanza haukutosha. Wazo likamjia. Ninazo dua nyingi moyoni. Nitafungua daftari, nitatazama karatasi, nitasoma dua nzuri, Bi Ghanima atalia, kesho milka itafungwa. Nani atajua?

Mola wake atajua.

Kumzulia Mola dua juu ya karatasi ile!  Uchafu wa mtu mwengine ameshaubeba kurasa hamsini, huu hataubeba. Akajifuta uso akaapa kwamba atasema kweli mbele ya watu wote, na atamuomba Bi Ghanima amhukumu yeye peke yake, amwache mtoto.

Akarudi sebuleni na maneno yake tayari mdomoni.

Lakini daftari halikuwa tena kwa Bi Ghanima.

Pembeni, juu ya magodoro, alikuwa amelala tangu asubuhi bibi kizee ambaye kila mtu alimsahau. Huyo ni Bibi Mahfoudha, mama mkwe wa Bi Ghanima, nyanya wa bwana harusi. Alizaliwa Chake Chake, akasoma chuoni, akaolewa Unguja. Na kwa miaka ishirini kabla hajahamia Sur, alikuwa somo, yule mwanamke anayefungiwa na mwari siku saba akamfunza mambo ya ndoa, yote, bila ya kuuma maneno.

Sasa alikuwa amekaa kitako. Miwani puani, kioo cha kukuzia mkononi. Daftari mapajani.

Alikuwa anasoma. Midomo ikicheza.

"Lo," alisema.

Akafunua ukurasa.

"Lo," alisema mara ya pili.

"Yanasemaje, bibi?" Azza aliuliza.

"Yananena." Akafunua tena. Akakaa sana hapo. "Azza, mwanangu, niletee maji ya baridi."

Akaletewa. Akanywa gilasi nzima bila ya kupumua, akarudisha kioo juu ya karatasi.

"Soma kwa sauti, ya amma," Bi Ghanima alimwambia. "Sote tupate."

Bibi Mahfoudha aliinua macho juu ya miwani. Hakumtazama Bi Ghanima. Alimtazama Bi Khole, na Bi Khole akajua kwamba bibi huyu ameshajua yote.

"Bibi," Bi Khole alianza. "Bi Ghanima. Nina neno nataka kusema mbele yenu. Hilo daftari..."

"Wewe nyamaza!" Bibi Mahfoudha alimkata. "Miguu inachuruzika maji unatuharibia busati. Kajifute." Akalifunga daftari. "Haya hayasomwi mbele za watu."

"Kwa nini?" Bi Ghanima aliuliza. "Istighfari si siri."

"Istighfari ya mtu na Mola wake ni siri kuliko siri zote. Au wewe Ghanima utatusomea yako? Anza, tunasikiliza."

Kicheko kilipasuka sebule nzima. Hata wale waliotoka Sur walicheka, wakijificha kwa shela zao.  Macho ya Bi Ghanima, nyuma ya barakoa iliyomfunika uso, hayakucheka.

"Na bwana harusi naye muiteni ale," Azza alisema, kugeuza maneno. "Tangu walipofika kakaa garini. Haya zimemjaa kama yeye ndiye mwari!"

Wakazidi kucheka. Bibi Mahfoudha akanyoosha mkono.

"Khole, niinue. Nipeleke chumbani nikapumzike."

Mlango ulipofungwa, Bi Khole alianguka miguuni kwake.

"Bibi, nisitiri."

"Inuka. Mimi si wa kuangukiwa. Nani kaandika haya?"

"Ni kitabu cha Kizungu, bibi. Mimi nilitafsiri tu. Kwa ajili ya darasa."

"Darasa gani hilo? Nikajiandikishe."

Bi Khole hakuweza kucheka. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Sikujua, bibi. Nilidhani ni kitabu cha dini. Nilipojua, nilisema nitaacha kesho. Kila siku kesho. Naomba toba, kisha narudi."

"Na Tamim, Mungu amrehemu, alikisoma?"

"Hakujua Kiingereza. Alikinunua Unguja, kwenye mnada wa Mzungu aliyekuwa akihama. Alipenda jalada."

Bibi Mahfoudha alikunja midomo, kicheko kisimtoke. "Na wanasema mwandishi nani?"

"Bibi mmoja. Hakutaja jina."

"Bibi! Nani kakuambia?"

"Imeandikwa mwanzo wa kitabu."

"Hoo, imeandikwa." Alifungua daftari, akapiga kidole juu ya karatasi. "Nisikilize mimi, niliyekaa na wari mia na zaidi. Nimesoma hapa kurasa ngapi, ishirini? Sijaona bibi huyu kaingia siku zake hata mara moja. Hana mimba wala hofu ya mimba. Haumwi kiuno. Hajaoga janaba tangu kitabu kuanza! Hana mama, hana shoga, hana mtoto anayelia chumba cha pili. Na kila anayebisha hodi, yeye tayari, yeye anafurahi. Mwanamke gani huyo? Huyu ni mwanamume kavaa buibui."

Bi Khole alimtazama, mdomo wazi.

"Mwanamume huyo," Bibi Mahfoudha aliendelea. "Ndiye anayedhani kwamba mwanamke akiwa huru atakwenda kumfungulia yeye mlango. Kakaa peke yake huko London, kajiandikia mwanamke wa kumwambia ndiyo. Kisha akaona haya, akamsingizia bibi wa watu."

Miezi miwili, msomaji, Bi Khole alikuwa amelala na aibu ya mwanamke mwenzake. Kumbe hapakuwa na mwanamke. Alihisi kama mtu aliyelia msibani kisha akaambiwa jeneza ni tupu.

"Basi bibi, tulichome moto," alisema. "Sasa hivi, jikoni. Nitamwambia Bi Ghanima..."

"Ngoja. Kuna ukurasa mmoja sijauelewa."

Bi Khole akanyoosha mkono kulichukua. Bibi Mahfoudha akalivuta.

"Nimesema ngoja." Akaweka kioo, akasoma kwa sauti, polepole, kama wasomavyo watu wa chuoni:

"Bibi akafunga mlango, akasema: Leo sitaki. Mimi si mgonjwa, wala sikukasirika. Sitaki tu. Bwana akakaa chini upande wa pili wa mlango, akavua kofia yake akaipakata. Akasema: Basi tuzungumze. Wakazungumza, mlango katikati yao, habari za mvua na za bei ya karafuu, mpaka bibi akacheka."

Akashusha kioo.

"London kuna karafuu?"

Bi Khole akakunja ncha ya mtandio wake.

"Na kofia hiyo, ya Kizungu au ya kushonwa kwa mkono?"

Akaikunjua.

"Na hapa mbona hakuna nyekundu? Kila ukurasa umemwaga astaghfirullah kama pilipili. Huu, hata moja."

Bi Khole alijifunika uso kwa mtandio.

"Haumo kitabuni, bibi."

"Najua."

"Nimeuandika mimi."

"Najua, mwanangu."

Hapo ndipo aibu yote ilipomshukia. Yale ya Mzungu aliweza kuyabeba kama mtu anavyobeba kikapu cha mwenzake, akatazama pembeni, akasema si changu. Huu ulikuwa wake. Hakuna kamusi aliyofungua kwa ajili yake. Kurasa hamsini za uchafu wa mtu mwengine zilimtia haya. Ukurasa mmoja wake yeye, usio na neno chafu hata moja, ulimvua nguo.

"Kwa hiyo si istighfari."

Wote wawili waligeuka.

Bi Ghanima alikuwa amesimama mlangoni, sinia ya kahawa mkononi. Hakuna aliyejua amesimama tangu lini.

"Ghanima," Bibi Mahfoudha alianza.

"Miaka thalathini nakaa na Kiswahili chako ndani ya nyumba, ya amma. Kusoma sijui. Masikio ninayo."

Bi Khole aliinuka. "Bi Ghanima, kosa ni langu. Mtoto hana kosa. Niaibishe mimi, nitaje sebuleni, nitaje Ibra nzima. Usimvunjie mtoto milka yake."

 Bi Ghanima alisukuma mlango kwa mguu ukafungika. Akaweka sinia chini. Kisha akafanya jambo ambalo Bi Khole hakulitarajia. Akafungua kamba za barakoa yake, akaivua. Uso wake ulikuwa mdogo, umechoka, na macho mekundu.

"Mume wako," alisema. "Ulipomwambia maneno hayo, alifanya nini?"

Bi Khole alitazama chini.

"Sikupata kumwambia."

"Miaka mingapi?"

"Ishirini na sita."

"Alikuwa mtu mbaya?"

"Alikuwa mtu mwema, Bi Ghanima. Hilo ndilo linaloniua. Pengine angalikaa chini. Sikujua, kwa sababu sikumwambia."

 Sebuleni mtu alikuwa anapiga kigoma kidogo na kuimba.

"Mimi niliolewa na miaka kumi na nne," Bi Ghanima alisema. Aliyaelekeza maneno yake kwa bibi kizee. "Ya amma, umefunza wari wa Unguja nzima. Kila mtu anakusifu. Mimi nilikuja nyumbani kwako, nikaolewa na mwanao. Mimi hukunifunza."

"Hukuwa unajua Kiswahili, mwanangu."

"Nilikuwa na macho. Asubuhi ile ulinitazama machoni, ukanipa chai."

Bibi Mahfoudha, aliyekuwa na jibu kwa kila mtu tangu alipoamka, alikiweka kioo kitandani.  Akainamisha kichwa.

Bi Ghanima alijifuta uso, akavaa barakoa yake. Alipogeuka alikuwa tena yule mama wa bwana harusi wa mlangoni asubuhi.

"Muiteni msichana."

"Bi Ghanima, nakuomba..."

"Muiteni!"

Ibtihal aliletwa. Aliona daftari wazi kitandani, akaona uso wa shangazi yake, akajua. 

"Wewe umelisoma hili?"

Bi Khole alimtazama msichana. Kwa macho alimwambia, kanusha.

"Nimesoma," Ibtihal alisema. "Ukurasa wa mlango. Mwengine sikuuweza."

 Bi Ghanima akaenda kwenye mlango wa pili, ule wa kutokea uani, wenye pazia zito la kijani. Akaufungua akapiga kelele kuelekea barabarani.

"Zuhair! Ya Zuhair! Taal!"

"Bi Ghanima, kwa ajili ya Mungu, usimwambie mwanamume!" Bi Khole alimshika mkono.

"Simwambii mimi." Aliuondoa mkono ule, taratibu. "Atamwambia yeye."

Mlango wa gari ulifungwa. Hatua zikaja uani, si za haraka. Mtu akakohoa nyuma ya pazia.

"Labeka, mama."

"Simama hapo hapo. Usiingie, kuna wanawake. Msichana wako ana neno."

Ibtihal aligeuka kumtazama Bi Ghanima, kama aliyesikia vibaya.

"Sema," Bi Ghanima alimwambia. "Sema leo, kabla ya milka. Mwanangu huyo nimemzaa mimi, nimemlea mimi, na mimi sijui atajibu nini. Nataka kusikia. Bora tulie leo kuliko ulie wewe miaka thalathini."

Bi Khole alifumba macho. Yeye ndiye aliyeandika neno lile, kwa siri, mlango umefungwa, na kamwe hakudhani litatoka mdomoni mwa mtu mchana kweupe. Alimuomba Mola wake ardhi ipasuke. Kisha akaomba isipasuke, maana alitaka kusikia.

"Zuhair," Ibtihal alisema. Akasogea karibu na pazia.  "Zuhair, siku nikikwambia leo sitaki, utafanya nini?"

Pazia halikutikisika.

Wote wanne walingoja. Sebuleni kigoma kilikuwa kinaendelea, na Azza akipiga vigelegele.

"Bora umeanza wewe," Zuhair alisema mwisho. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu aliyekuwa akilia. "Neno hilo ninalo mimi tangu Jumapili. Nimekaa nalo garini, sikujua nimwambie nani. Mama, nisamehe. Sitaki. Sitaki milka ya kesho."

Bibi Mahfoudha alishika ukingo wa kitanda.

"Rudia," Bi Ghanima alisema.

Zuhair akarudia. Mara hii alisema kwa Kiarabu, kwa sauti kubwa, na sebuleni kigoma kikanyamaza.